Binti yangu amekataa kwenda kidato cha tano kwa sababu ya sukari yangu

Shikamoo dada mshauri,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Mimi ni mama wa miaka 44, fundi cherehani, naishi Tanga. Mume wangu ni dereva wa malori, anakwenda Tunduma na mara nyingine anavuka mpaka hadi Lubumbashi, Kongo. Akirudi anakaa siku mbili tatu, halafu anapotea tena wiki mbili au zaidi. Tuna watoto watatu: binti wa miaka 17, wa kiume ana miaka 11, na kitinda mimba ana miaka 7.

Huu ni mwaka wa tisa nina kisukari. Miaka saba nilikuwa kwenye vidonge, miaka miwili sasa niko kwenye sindano. Naomba nikueleze siku yangu inavyokwenda, maana sijawahi kumwambia mtu yeyote mambo haya yote kwa pamoja.

Naamka saa kumi na moja alfajiri. Friji hatuna, na joto la Tanga unalijua, kwa hiyo insulini yangu inakaa kwenye chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, katikati kuna mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni. Naitoa chupa, naiviringisha taratibu viganjani mpaka dawa iliyotuama chini ichanganyike, iwe nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Navuta uniti 24, nachoma. Leo tumbo upande wa kulia, kesho kushoto, keshokutwa paja, kwa sababu mwanzoni niling'ang'ania sehemu moja nikaota vinundu. Kisha nasubiri nusu saa ndiyo nile. Katika hiyo nusu saa nachemsha chai, natafuta soksi za mdogo, nakagua nyayo zangu kama kuna mchubuko. Jioni nachoma tena uniti 12. Kati ya asubuhi na jioni ni mahesabu tu: ugali kiasi gani, wali nionje au niache, nimeshona muda mrefu bila kula au la. Nikienda harusini naulizwa mbona sili. Nikila naulizwa si una sukari wewe?

Insulini naipata kliniki, lakini stripi za mashine ya kupimia sukari nanunua mwenyewe, na boksi la stripi 50 ni hela ya kushona gauni mbili. Kwa hiyo napima mara mbili kwa wiki, siku nyingine nausikilizia mwili. Sasa hapa naona aibu kusema. Kliniki wanataka daftari lenye namba. Kuna siku nilifokewa mbele ya foleni nzima kwa sababu lilikuwa na mapengo. Tangu siku hiyo, usiku wa kuamkia kliniki nakaa na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, najaza tarehe nilizoruka. 7.2. 6.8. 8.1. Nabadilisha kalamu ili ionekane niliandika siku tofauti. Daktari anaangalia, ananipongeza.

Binti yangu alimaliza kidato cha nne Novemba, matokeo ya Januari akapata daraja la kwanza. Tangu hapo yuko nyumbani, na kidogo kidogo amejifunza kila kitu. Mwezi wa nne nilikuwa na sare za harusi 14 za kumaliza. Nilichoma saa moja jioni, mteja akaingia, nikala vijiko viwili vya wali nikarudi kwenye cherehani. Saa nane usiku binti akasikia naongea peke yangu. Anasema alinikuta shuka limelowa jasho, naita watu ambao hawapo. Alinipima nikawa na 2.3, sukari imeshuka mno. Akakoroga sukari kwenye maji akaninywesha, namshukuru Mungu nilikuwa bado naweza kumeza. Baada ya robo saa akapima tena, 4.6. Asubuhi nilimkuta amelala amekaa, mgongo kwenye mlango, kopo la sukari mapajani.

Tangu usiku ule amehamia chumbani kwangu. Kila siku saa nane anaamka, ananigusa shingo kuona kama nina jasho.

Juzi majina yametoka. Amechaguliwa mchepuo wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, shule ya bweni Tabora. Alisoma jina lake, akazima simu, akasema, "Siendi, mama. Nani atakugusa shingo?"

Mume wangu kwa simu anasema aende, elimu haisubiri. Mama mkwe anasema mama ni mmoja, shule zipo tu. Na mimi, dada, aliposema haendi, kuna sehemu ndani yangu ilifurahi. Nimeichukia nafsi yangu tangu hapo. Nafikiria nimdanganye, nimwambie daktari amenibadilishia dawa na sukari haitashuka tena, ili aende kwa amani. Zimebaki wiki tatu aripoti. Nifanye nini?

Mama wa watatu, Tanga

*

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali la shule. Mara ya pili niliona kazi, kazi nyingi mno, iliyofanywa kimya kimya na mtu mmoja. Mara ya tatu nikabaki na lile kopo la sukari mapajani mwa mtoto.

Niseme nilichokielewa, unirekebishe nikikosea. Una binti aliyefaulu, na nafasi ya shule yenye tarehe. Una ugonjwa usio na tarehe. Binti amejipa zamu ya usiku, na wewe huoni nani mwingine ataishika. Baba na bibi wamekwisha kusema lao, lakini kila mmoja kasema akiwa mbali na kitanda chako. Na wewe uko katikati: unataka aende, unaogopa akienda, na unajichukia kwa kuogopa.

Nianze na hilo la mwisho. Mtu aliyeamshwa kutoka 2.3 akafurahi kusikia kwamba aliyemwamsha habanduki, huyo ni binadamu aliyeogopa kufa. Furaha ile haikumzuia mtoto kwenda. Umeiandika, umeitazama, na bado unauliza kilicho bora kwake. Basi iache ikae hapo, usiipige tena.

Sasa kuhusu kazi. Sindano mbili kwa siku ni sindano 730 kwa mwaka. Kwa miaka miwili umejichoma mara 1,460, na hapo sijagusa vidole vilivyotobolewa kwa ajili ya kupima, mchanga wa chungu, nyayo, wala hesabu za sahani. Mwaka 1985 wanasosholojia wawili wa Marekani, Juliet Corbin na Anselm Strauss, waliandika juu ya watu wanaouguza ugonjwa wa kudumu nyumbani. Walisema mgonjwa na watu wake wanabeba kazi za aina tatu: kazi ya ugonjwa wenyewe, kazi ya maisha ya kila siku ambayo haisimami kwa sababu mtu anaumwa, na kazi ya kuyapanga upya maisha yako, kujua wewe sasa ni nani na unaelekea wapi. Nilipokusoma nilikuona katika zote tatu. Unachoma, unashona, na kila ukikaa harusini mbele ya sahani unajitetea kuwa wewe ni nani. Ukichoka, mdogo wangu, usitafute sababu nyingine ya kuchoka.

Umesema hujawahi kumwambia mtu mambo haya yote kwa pamoja. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana naona kila mtu anayekushauri anapiga hesabu kwa namba ambazo si zako. Mumeo anajua una sukari. Je, anajua 2.3? Alielezwa lile shuka? Ni rahisi kusema elimu haisubiri ukiwa Tunduma hujasimuliwa usiku ule. Mama mkwe naye anaposema mama ni mmoja, yumkini anadhani kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na wewe mchana. Na daktari ndiye aliye mbali kuliko wote, ingawa mnakutana ana kwa ana. Anapanga dozi ya mama mwenye 6.8 na 7.2, na mama huyo hayupo.

Sikufokei. Ulikwisha kufokewa, na naamini kule kufokewa ndiko kulikozaa kalamu ya pili. Anayemwaibisha mgonjwa mbele ya foleni anafunga mlango wa taarifa anazozihitaji mwenyewe. Lakini tuliangalie lile daftari kwa macho makavu. Hata kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu hakiwezi kuusimulia usiku kama ule, kwa sababu wastani unachanganya mabonde na milima na kukupa tambarare. Kushuka kwako hakuna mahali kulipoandikwa isipokuwa kichwani mwa binti yako. Barua yako haisemi kama kliniki waliambiwa. Waliambiwa?

Sisemi daftari ndilo lililokuangusha. Kuchoma saa moja na kula vijiko viwili kunatosha kabisa, kwa sababu insulini ikishaingia haimsubiri mteja aondoke. Ninachouliza ni kama dozi ile ya jioni imepangwa kwa maisha unayoishi wewe, ya fundi ambaye msimu wa harusi hana muda wa kula. Huenda daktari akataka kubadilisha kiasi, au muda, au aina ya insulini, huenda asitake. Usipunguze mwenyewe kwa hofu, maana sukari ikipanda kwa muda mrefu nayo inaharibu macho, figo na miguu polepole. Lakini mtu hawezi kukurekebishia jambo asilolijua. Ningekuwa wewe ningesema hivi, kwa maneno machache: "Daktari, namba nyingine humu sikupima, niliogopa. Uwezo wangu ni stripi nane kwa mwezi. Nizitumie saa ngapi ili zikusaidie?" Hilo swali la mwisho ni zuri kuliko mapengo na kuliko kalamu mbili. Stripi moja kabla ya kulala, siku uliyoshona mpaka usiku, inaweza kukulinda kuliko tatu ulizopima asubuhi ukiwa salama. Na kama kuna njia ya kupata stripi kwa bei nafuu, wao ndio wenye kujua, ila hawatakutafutia wakiamini unazo za kutosha.

Tuje kwenye shingo. Binti ameuliza nani atakugusa, na swali lake linastahili jibu la kweli. Lakini tazama alichofanya usiku ule: alisikia, akapima, akakoroga sukari, akasubiri robo saa, akapima tena. Ni kazi tano, na si zote zinahitaji mtu mmoja anayelala chumbani kwako kwa miaka yote. Nyingine zinaweza kufanywa na wewe mwenyewe kabla hujalala, kama kula kwa saa yake, kupima, na kuweka sukari na kikombe cha maji mahali mkono unapofika. Nyingine zinahitaji mtu mwingine. Nani? Mama mkwe anaweza kuja miezi ya mwanzo? Yuko jirani ambaye mtoto akigonga saa nane usiku atafungua bila kununa? Mumeo, hata akiwa njiani, anaweza kupiga simu kila jioni saa moja na nusu na kuuliza jambo moja tu: umekula?

Mvulana wa miaka 11 usimsahau, ila nenda naye taratibu. Anaweza kufundishwa dalili na wapi pa kukimbilia. Anaweza kujua vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, na kwamba mtu asiyeweza kumeza hanyweshwi kitu kabisa, analazwa kwa ubavu na watu wazima wanaitwa ili apelekwe hospitali. Hayo ni maarifa ya kila mtu wa nyumba yenye sindano. Kumkabidhi zamu ya usiku ni jambo jingine. Usije ukamtua dada mtu mzigo ukautwika kichwani mwa mdogo wake.

Sasa huyu binti mwenyewe. Wote tumeamini kwamba hataki kwenda kwa sababu ya jasho lako. Yaweza kuwa ndiyo hivyo hasa. Lakini ana miaka 17, na Tabora ni mbali na bahari na watu wake wote. Huenda anaogopa na vya kwake, na ugonjwa wako umempa sababu ambayo hakuna mtu atakayeicheka. Huenda tangu Januari amejiona mtu mzima wa maana katika nyumba hii, na shuleni atakuwa tena mwanafunzi mgeni anayefagia bwalo. Huenda pia anataka sana kwenda, na anasubiri mtu amwambie kwamba kutaka si kukutupa. Hujui, na mimi sijui. Muulize mchana, si chumbani wala si usiku, mkiwa mnafanya kazi ya mikono pamoja. Muulize angetaka nini kama angekuwa na uhakika wa usiku wako, kisha unyamaze mpaka aseme.

Nina sababu ya kusisitiza hili. Mimi ni kifungua mimba wa baba aliyekuwa na pumu. Nililala sikio moja liko wazi kwa miaka, hata nilipoolewa nilikuwa nastuka saa zile zile. Sijawahi kujuta kumtunza baba. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hapakuwa na siku hata moja nilipokalishwa nikaulizwa.

Kuhusu ule uongo, nauelewa, una huruma ndani yake. Lakini ufikirie mpaka Desemba. Atarudi likizo na atakugusa shingo. Atafungua chungu na kukuta chupa ile ile. Na kabla ya hapo atakuwa bweni, ambako wanafunzi hawaruhusiwi simu, hana njia ya kuthibitisha lolote. Akishajua siku moja kwamba ulimdanganya ili aondoke, kila "sijambo" utakayomwambia baadaye ataipima upya. Akienda akijua ukweli, na mpango, ataogopa pia, lakini atakuwa na kitu cha kushika. Mnaweza kukubaliana na mwalimu mlezi au matroni siku ya kupiga simu. Mnaweza kukubaliana kwamba ukishuka ataambiwa, hata kama imeshapita, ili ukimya uwe na maana ya usalama.

Akibaki, nako kuna gharama, na ni haki aione yote kabla hajaamua. Kuhamishiwa shule ya kutwa karibu na nyumbani kunategemea nafasi, ni jambo la kuulizia wiki hii hii. Kusoma akiwa nyumbani kama mtahiniwa wa kujitegemea kunawezekana, ila PCB ina mitihani ya vitendo, na kuipata maabara ukiwa nje ya shule ni mlima. Kuchelewa kuripoti kidogo ili nyumba ijipange ni njia nyingine, lakini shule iulizwe mapema na nafasi isichezewe. Na kuna gharama isiyoandikwa kwenye fomu: kisukari chako hakitaisha mwakani. Kama sababu ya kubaki ni usiku wako, mwakani sababu itakuwepo bado, na mwaka unaofuata. Je, mnaweza kusema leo ni lini zamu yake inaisha?

Akienda, wewe ndiye utakayelipa kwanza. Usiku wa wiki za mwanzo utakuwa mrefu, na utapanga foleni kliniki peke yako. Inaweza kutokea ukashuka tena na asiwepo, hilo siwezi kulifuta, na asikudanganye mtu kwamba linafutika. Ninachoweza kusema ni kwamba usiku wa Aprili ulikukuta bila mpango wowote, binti akafanya kwa akili yake na kwa rehema ya Mungu.

Wiki tatu si nyingi, lakini zinatosha kwa kikao kimoja cha simu na mumeo akiwa amesimamisha gari, mazungumzo na mama mkwe, na safari moja ya kliniki. Tarehe yako ya kliniki iko kabla ya siku ya kuripoti? Kama iko baada, nenda kaombe wakuone mapema, useme ulishuka mpaka 2.3. Nenda na binti. Mwache aeleze yeye usiku ule, kwa sababu yeye ndiye aliyeuona, wewe hukuwepo. Mwache aulize yeye swali lake la shingo kwa daktari. Na usiku wa kuamkia siku hiyo usijaze kitu. Lipeleke daftari na mapengo yake.